Mlango wa mbele unaomsumbua mgeni: dalili, chanzo na tiba

Kabla hujanunua kopo la rangi, toka nje. Nenda hadi pale mgeni anaposhukia gari au anapoiacha barabara, geuka, kisha njoo nyumbani kwako kana kwamba hujawahi kufika. Fanya hivyo mchana, rudia usiku taa zikiwa kama zinavyowashwa siku zote, na rudia tena ukiwa umebeba mizigo mikono yote miwili. Mvua ikinyesha, usiiache ikupite. Kila mahali unapositasita, unapotazama chini au unapojiuliza "ni hapa au kule?", pana hitilafu yenye chanzo chake.

Nasisitiza hilo kwa sababu wengi huanza na mlango wenyewe. Hubadilisha rangi, huweka kitasa cha kung'aa, hupanga vyungu viwili vya maua kushoto na kulia, na bado mgeni anazunguka nyuma ya nyumba. Mgeni anayekaribia nyumba ana maswali manne, nayo humjia kwa mfuatano: naingilia wapi, napita wapi, nasimama wapi nikisubiri, na nikifunguliwa naelekea wapi. Sehemu ya kuingilia inayokera huwa imeshindwa kujibu mojawapo. Kwa hiyo dalili zilizo hapa chini zinafuata mwendo wake kutoka barabarani hadi ndani. Ukikuta yako, shughulika nayo hiyo kwanza. Tiba ya dalili ya mbele huweza kumaliza iliyo nyuma yake.

Dalili: wageni wanakwenda mlango wa pembeni, au wanazunguka wakitafuta

Piga picha ya nyumba ukiwa barabarani. Jicho lako limezoea na linajua mlango ulipo, picha haijui. Kama kinachoonekana kwanza ni mlango wa gereji au dirisha la jikoni, ndicho mgeni anachokiendea.

Chanzo cha kawaida ni kwamba mlango umezibwa: mti umekua, nguzo imekaa mbele yake, au gari huegeshwa palepale kila siku. Punguza mimea. Kanuni ya watu wa usalama wa majengo inafaa hapa pia: vichaka visizidi karibu sentimita 90, na matawi ya miti yaanzie juu ya mita mbili, ili katikati pabaki nafasi ya jicho kupita. Gari likihamia mita chache pembeni, mara nyingi kazi nzima imekwisha bila kutumia senti.

Chanzo cha pili ni milango miwili inayofanana, yote ikitazama mbele. Hapa watu hujitahidi kuupamba ule mkuu, lakini njia ya haraka ni kuushusha cheo ule mwingine. Upake rangi ya ukuta ili uyeyuke ndani yake, ondoa taa yake, ondoa zulia la kufutia miguu, usiache kijia kinachoelekea kwake kiwe kipana kuliko kile cha mlango mkuu.

Chanzo cha tatu ni ukosefu wa tofauti ya rangi, na hapa ndipo kopo la rangi lina kazi, ingawa si lazima liende mlangoni. Tazama mlango wa 10 Downing Street, London, makazi rasmi ya Waziri Mkuu wa Uingereza. Ni mweusi, na matofali ya ukuta wake nayo ni meusi. Kwa hesabu ya haraka ungepaswa kupotea. Haupotei, kwa sababu umezungushiwa fremu nyeupe na juu yake pana dirisha la nusu duara. Fremu ndiyo inayomwita mtu. Kwa hiyo kama huupendi mlango mwekundu au wa bluu, acha kujilazimisha: pandisha rangi ya fremu, au paka kipande cha ukuta kinachouzunguka. Mlango wa mbao unaopigwa na jua kali la mchana ni afadhali uwe wa rangi nyepesi. Rangi nyeusi hunyonya joto, na mbao hupinda.

Namba ya nyumba iwe na tarakimu za urefu wa sentimita 10 walau, 15 kama nyumba iko mbali na barabara, na itofautiane na ukuta. Namba za shaba juu ya mbao za kahawia ni nzuri kwa anayezitazama akiwa hatua mbili tu, na kwa dereva aliye barabarani hazipo.

Lazima niseme kwamba si kila mlango uliofichwa ni kosa. Frank Lloyd Wright, msanifu majengo wa Marekani, alipenda kuuficha. Ile Robie House ya Chicago, iliyokamilika mwaka 1910, mlango wake mkuu uko upande wa nyuma ya nyumba, mbali na mtaa mkuu. Ila kuta, paa na vijia vya nyumba ya namna hiyo vimepangwa ili vikuongoze. Wengi wetu tuna mlango uliofichwa na hakuna kinachotuongoza.

Dalili: kijia kipo, ila watu wanakata kwenye nyasi

Nyasi zilizokanyagwa zinakupa ramani ya bure. Kijia kilichochorwa kwa kupindapinda ili kipendeze hupitwa na kila mwenye haraka, hasa mwenye mzigo. Fuata mstari ambao miguu imekwisha uchagua: ondoa nyasi hapo, tandika mawe bapa au changarawe iliyoshindiliwa, kile kijia cha zamani ukipandie maua. Tukitaka kijia kipinde, lazima pawe na kitu cha kukizunguka, kama mti, jiwe kubwa au bustani. Mpindo usio na sababu hauheshimiwi.

Upana nao husema kitu. Sentimita 90 zinamtosha mtu mmoja. Watu wawili wanaozungumza wakitembea pamoja wanahitaji mita 1.2 hadi 1.5, na kijia chembamba kinawapanga mstari mmoja kama wanafunzi. Nyumba nyingi hazina kijia kabisa kutoka pale magari yanapoegeshwa; kinaanzia getini, huku kila mtu akija kwa gari. Ongeza kipande kifupi kinachounganisha.

Dalili: mlango unapofunguliwa, mgeni analazimika kurudi nyuma

Hii ndiyo kero kubwa kuliko zote na ndiyo inayosahaulika zaidi. Mgeni amebisha hodi, amesimama kwenye ngazi ya juu kabisa, mlango unasukumwa kumwelekea, naye anashuka ngazi kinyumenyume akiwa na mtoto mkononi. Huwezi kumkaribisha mtu huku unamsukuma.

Angalia kwanza kinachofungukia nje ni kipi. Mara nyingi mlango wa mbao unafungukia ndani vizuri tu, ila mbele yake kuna mlango wa wavu au wa nondo unaofungukia nje. Hapo una njia tatu. Ya kwanza ni kubadili upande wa bawaba, ili mlango ufungukie ukutani badala ya kukata njia ya mgeni. Kwa fundi seremala au wa vyuma mwenye uzoefu si kazi kubwa, na mara nyingi inatosha. Ya pili ni kuweka mlango wa kuteleza kwenye reli. Ya tatu, iliyo ghali lakini yenye faida kuliko zote, ni kuongeza kibaraza.

Kibaraza kiwe na kina gani? Chukua upana wa mlango unaofungukia nje, tuseme sentimita 90, ongeza sentimita 60 za mtu kusimama. Unapata mita 1.5. Kipimo hichohicho ndicho kinachotosha kiti cha magurudumu kuzunguka, kwa hiyo ukijenga mara moja umejengea watu wote. Kama mlango unafungukia ndani, mita 1.2 inaweza kutosha watu wawili kusimama bila kubanana. Chini ya hapo mtu mmoja huishia kwenye ngazi au kwenye maua.

Usijenge kabla hujajaribu. Chora kwa chaki au tandaza kamba chini kwa kipimo unachokusudia, mwite mtu asimame ndani ya mstari na begi lake, kisha fungua mlango. Fanya hivyo mara kadhaa, na mara moja mkiwa watatu. Kipimo kinachoonekana kikubwa kwenye karatasi huwa kidogo sana pale watu wanapoagana, na kuagana huchukua muda mrefu kuliko kukaribishana.

Kuna anayeuliza kama auelekeze mlango mkuu nje ili aokoe nafasi ndani. Inawezekana, lakini angalia mambo mawili. Bawaba zitakuwa nje, hivyo lazima ziwe za aina ambayo pini yake haichomoki mlango ukiwa umefungwa. Na kina cha kibaraza kitalazimika kukua kama tulivyohesabu. Kwa kawaida unahamisha tatizo la ndani kulipeleka nje.

Paa dogo la kukinga mvua linahusika na swali hilihili la kusimama. Paa la sentimita 40 humkinga mlango, si mtu. Anza na sentimita 90, na 120 ni bora, kwa sababu mvua hainyeshi wima. Hakikisha maji ya paa hilo hayadondokei kwenye ngazi ya kwanza. Weka mfereji mdogo au yaelekeze pembeni. Na mahali pa kuweka mzigo wakati mtu anatafuta funguo, iwe benchi fupi au rafu ukutani yenye kimo cha kiuno, ni kitu kidogo kinachothaminiwa na kila anayeishi humo.

Dalili: watu wanajikwaa, au wanatazama miguu badala ya kukutazama wewe

Ngazi moja ni hatari kuliko ngazi tatu. Tatu huonekana, moja hupotea kwenye sakafu, hasa vigae vya juu na chini vikiwa vya rangi moja. Kama tofauti ya kimo ni ndogo, iondoe kabisa kwa kuinua kijia taratibu. Ikishindikana, ipe ukingo wa rangi tofauti, au iwe pana kuliko mlango ili isomeke kuwa ni ngazi kweli.

Ngazi zikiwa nyingi, pima kila moja. Ngazi zenye vimo visivyolingana humwangusha mtu hata kama tofauti ni ya sentimita mbili, maana mguu unakariri kimo cha ngazi ya kwanza na kukitarajia kwenye zinazofuata. Kwa hesabu ya uwiano, mafundi bado wanatumia kanuni ya msanifu majengo Mfaransa François Blondel, ya karne ya 17: kimo mara mbili, ongeza kina cha kukanyagia, jumla iwe kati ya sentimita 60 na 65. Nje ya nyumba kimo cha 15 na kina cha 32 au 33 ni raha kwa watoto na wazee. Ngazi za 20 na kina cha 24 zinatimiza hesabu, ila unazipanda kama unapanda dari. Kanuni haitoshi bila akili.

Mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45 kwenda juu, kwa hiyo unahitaji mita 5.4 za mteremko. Ndiyo sababu mteremko unaobandikwa mwishoni huonekana kama nyongeza ya lazima. Ukiuwaza tangu mwanzo, ukaufanya ndio kijia chenyewe kinachopita kando ya bustani, hakuna atakayejua kwamba ni mteremko. Mlangoni kwenyewe, kizingiti kisizidi sentimita 1.3, na nafasi halisi mlango ukiwa wazi ifike sentimita 81.5 au zaidi. Pima nafasi halisi, si upana wa ubao: mlango wa sentimita 80 ukiufungua unabaki na chini ya hapo, kwa sababu unene wake unakula sehemu.

Vigae vinavyong'aa visitandikwe nje. Vikilowa vinateleza, na hakuna zulia litakalovitibu.

Dalili: mchana pazuri, usiku panatisha

Wengi huongeza mwanga, na kosa mara nyingi ni kwamba mwanga ni mwingi mno na uko mahali pabaya. Taa moja kali juu ya mlango humulika utosi wa mgeni na kuacha uso wake gizani; wewe uliye ndani humtambui, naye anakodoa macho. Sogeza taa iwe kando ya mlango, katikati yake ikiwa karibu sentimita 165 hadi 170 kutoka sakafu ya kibaraza, na iwe na kioo cheupe kama maziwa au kifuniko kinachoficha balbu. Kama nafasi inaruhusu taa moja tu, iweke upande wa kitasa ili imulike pia tundu la ufunguo.

Chagua balbu za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000. Zile za 6000 hutoa mwanga wa samawati unaofaa ghala. Taa ya nje iliyo chini ya paa iwe na alama ya IP44 walau, maana yake inahimili maji yanayoirukia.

Kuhusu taa za kujiwasha mtu akipita: zinafaa kwa gereji na uchochoro. Mlangoni, mwanga unaomrukia mgeni usoni humfanya ajihisi amekamatwa. Acha taa hafifu iwake usiku kucha, na ile ya kujiwasha iongezee tu. Kisha weka taa ndogo za chini pale kijia kinapopinda na pale ngazi zinapoanza. Hazihitajiki kila hatua mbili kama uwanja wa ndege.

Dalili: ukiingia huoni kitu, au unaona usichopaswa kuona

Jicho linalotoka kwenye jua huchukua dakika kadhaa kuzoea giza. Ukumbi mdogo usio na dirisha humpokea mgeni akiwa kipofu kwa muda, naye husimama katikati ya mlango akizuia wengine. Tiba ni kupunguza tofauti: kioo chenye ukungu pembeni au juu ya mlango, kuta za rangi nyepesi, taa iwashwe mchana pia. Kibaraza chenye kivuli nje kinasaidia kwa upande wake, kwa sababu jicho linaanza kuzoea kabla ya kuingia.

Upande wa pili ni mlango unaofungukia moja kwa moja sebuleni, au mbaya zaidi, unaotazamana na choo. Hapa mwenyeji huufungua kidogo tu na kuuziba upenyo kwa mwili wake, na mgeni anadhani hatakiwi. Hujafanya hivyo kwa ubaya, nyumba imekulazimisha. Weka kizuizi cha kimo cha mita 1.5 hadi 1.8, kama rafu iliyo wazi nyuma, ubao wa vijiti au pazia zito, kikiwa umbali wa mita 1.2 kutoka mlangoni ili pasibanane. Geuza kochi lisiupe mlango mgongo. Mlango wa choo, kama hauwezi kuhamishwa, uwe na rangi ya ukuta na ufungwe wenyewe kwa bawaba ya springi.

Dalili: viatu vimerundikana, sakafu imelowa

Zulia dogo ni pambo tu. Vumbi na maji hutoka mguuni baada ya hatua kadhaa, kwa hiyo weka gumu la kukwangua nje na la kunyonya ndani, yote mawili yakiwa marefu kiasi cha kila mguu kukanyaga. La ndani likizama kwenye sakafu ni bora, maana halikunjiki wala haliuzuii mlango. Viatu vinarundikana kwa sababu hakuna pa kukaa wala pa kuvitia. Benchi lenye nafasi chini yake hutatua yote mawili. Maji yakiingia chini ya mlango, tazama sakafu ya nje kabla ya kulaumu mpira wa chini: inapaswa kushuka kuelekea nje sentimita 2 kwa kila mita.

Dalili: mlango wenyewe unagoma

Ukikwaruza chini upande wa kitasa, bawaba ya juu imelegea. Toa skrubu moja fupi, weka ndefu ya sentimita 7 au zaidi ishike ukuta nyuma ya fremu. Ukikwama msimu wa mvua pekee, mbao zimevimba. Subiri zikauke ndipo urande, kisha upake rangi kingo zote, pamoja na ya juu na ya chini ambazo mafundi huziruka. Kengele isiyosikika ni bora iondolewe kuliko kumwacha mtu akiibonyeza bure.

Dalili: umerekebisha yote na bado mlango uko mahali pabaya

Hutokea. Kuna nyumba ambazo mlango ulifuata barabara ya zamani, au chumba kiliongezwa baadaye kikaumeza. Kuuhamisha si kuvunja tofali chache: juu ya uwazi mpya lazima pawe na linta ya kubeba uzito, na kama ukuta huo unabeba paa au ghorofa, mwite mhandisi kabla ya fundi kugusa nyundo. Uliza pia mabomba na nyaya zinapita wapi.

Kabla ya kufika huko, jaribu kwa mwezi mmoja kuufunga mlango wa sasa na kuwaingiza wote kwa ule wa pembeni unaofikiria kuufanya mkuu, ukiuwekea taa, namba na zulia. Kama wageni wanaufikia bila kupiga simu kuuliza, umepata mlango mkuu mpya, na fedha za linta zinaweza kujenga kibaraza chake.